Hotuba ya Vijana Wetu: Tulichojifunza kwa Ndege Ndogo

 

Tumeombwa tueleze kwa ufupi tunachofanya Marekani, maana habari zimefika kwamba watoto wenu mliowachangia nauli wanachezea ndege. Ni kweli, tunachezea. Lakini mchezo huo una mtihani ndani yake.

Sisi wawili tunasoma uhandisi katika chuo kimoja, na tumo katika timu ya wanafunzi inayounda ndege ya kuongozwa kwa rimoti. Shindano letu huitwa Design/Build/Fly, yaani sanifu, unda, rusha. Liko chini ya AIAA, chama cha wahandisi wa anga wa Marekani, tangu msimu wa 1996/97. Kila mwaka masharti hubadilika, kwa hiyo ndege ya mwaka jana haisaidii. Februari timu hupeleka ripoti ya usanifu, na Aprili hukutana Tucson, Arizona, au Wichita, Kansas, kurusha. Alama za ripoti huzidishwa na alama za kuruka. Ukiwa fundi hodari lakini huwezi kueleza kazi yako, umepoteza.

Kabla ya kuruka kuna ukaguzi. Ndege hupakiwa shehena yake nzito kuliko zote, kisha hunyanyuliwa kwa ncha za mabawa. Kama bawa ni la kuvunjika, livunjikie mikononi, si angani.

Mwaka wetu wa pili, wiki tatu kabla ya shindano, ndege yetu ilianguka katika majaribio. Kosa lilikuwa letu sisi wawili. Usiku uliotangulia tulisogeza betri nyuma kidogo ili mlango wa shehena ufunge vizuri, na hatukupima uwiano tena. Asubuhi ndege ilipaa, pua ikainuka kupita kiasi, ikaishiwa mwendo, ikashuka kama jiwe. Kazi ya miezi mitano ikaisha kwa sekunde chache. Kiongozi wa timu hakutugombeza. Alituuliza neno moja tu: "Mlipima?"

Tuliona haya, kwa sababu tumetoka kisiwani. Kila mvuvi wa kwetu anajua kwamba mtumbwi uliolemewa nyuma haufiki. Na tarehe 20 Septemba 2018, karibu na Ukara, kivuko MV Nyerere kilichoruhusiwa kubeba abiria 101 kilipinduka, tukapoteza watu zaidi ya 200. Katika ukumbi huu wamo waliozika. Sisi si watu wa kufundishwa maana ya uzito. Tulilolikosa ni mazoea ya kupima, kuandika, na kukataa kuondoka kama hesabu haikai sawa.

Mwaka huohuo wa 2018 jambo jingine lilitangazwa kuhusu kisiwa chetu. Kwa miezi sita ndege isiyo na rubani, iliyotengenezwa na kampuni ya Wingcopter ya Ujerumani, ilijaribiwa kuleta dawa Ukerewe. Ilipaa wima kama helikopta, kisha ikaruka kwa mabawa, ikakata kilomita 60 juu ya ziwa kwa wastani wa dakika 40. Tunawashukuru walioileta. Lakini tulijiuliza: siku chombo kama kile kikiharibika Nansio, ni mtoto gani wa kwetu atakayethubutu kukifungua?

Sisi tusingethubutu. Tulipokuwa sekondari, majaribio mengi ya fizikia tuliyakariri kutoka ubaoni. Tulipofika chuoni hatukuwa tumewahi kushika drili. Kilichotuokoa ni sharti moja la shindano: angalau theluthi moja ya timu lazima wawe wanafunzi ambao hawajafika mwaka wa mwisho. Wakubwa wanalazimika kuwapokea wadogo. Tukapewa msasa, tukasugua mbao za balsa, tukaharibu nyingi, hatimaye tukajua.

Ndugu zetu, sharti hilo tunaliomba liwe letu. Mwaka huu chama kinachangisha fedha za karakana ya sayansi kwa ajili ya sekondari zetu. Hatuombi ndege. Tunaomba chumba chenye kufuli, meza imara, misumeno midogo, vifaa vya kulehemu nyaya, mizani, na fundi wa kusimamia vijana siku za Jumamosi. Fundi wa boti wa Nansio anafaa kabisa, na alipwe kwa kazi yake. Mtoto akate mwenyewe, akosee mwenyewe, na aulizwe: "Ulipima?"

Sisi tumeshaanza. Kwa akiba ya vibarua vya likizo tumeleta mizani mbili na multimita nne. Ziko pale mezani, karibu na mtunza hazina. Mtu akipita kuandika ahadi yake, azishike, azijaribu. Tukirudi likizo ijayo tutakuja kufundisha bila malipo, na tungependa tukute mlango wa kufungua.

Mlitubeba, hatujasahau. Sasa tusaidieni kuwabeba wanaofuata.