Fedha za Afya ya Wafanyakazi Zatoka Wapi?

(Maneno yaliyosemwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka)



Kamati imetutaka tuseme juu ya fedha za afya ya wafanyakazi: zatoka wapi, na ni nani yampasa kuzitoa. Jambo hili latuhusu sote, mchumaji wa Kericho na mtu wa kiwandani Bomet, kwa kuwa mfuko wa chama chetu ni mdogo, nao mara nyingi huombwa kulipa madeni yasiyokuwa yake.

Kwanza yafaa tukumbuke kwamba ugonjwa wa mfanyakazi hulipiwa siku zote, hata pale pasipo na mfuko. Wataalamu walichunguza habari za wachumaji wa chai wa Kericho waliokufa au kustaafishwa kwa ajili ya Ukimwi kati ya 1997 na 2002. Matokeo yalitolewa mwaka 2004. Katika mwaka mmoja na nusu wa mwisho kazini, wagonjwa hao walichuma pungufu ya wenzao kwa kilo 4 hadi karibu 8 kila siku, na ujira wao wa mwaka wa mwisho ulikuwa chini kwa karibu asilimia 18. Hakuna aliyeandika hundi, lakini gharama ililipwa: mwajiri aliilipa kwa majani, na mgonjwa na watoto wake wakailipa kwa unga.

Basi na tuitazame mifuko iliyopo, mmoja mmoja.

Mfuko wa kwanza ni wa mwajiri. Sheria ya Ajira ya 2007 yamtaka ahakikishe kwamba mfanyakazi anayeugua anapata dawa za kutosha na, ikiwezekana, matibabu katika ugonjwa mkubwa. Aliyekwisha kufanya kazi miezi miwili mfululizo, akiwa na cheti cha daktari, ana haki ya siku zisizopungua 7 za ugonjwa kwa mshahara kamili na 7 kwa nusu mshahara katika mwaka. Tena Sheria ya Fidia kwa Majeraha ya Kazini, nayo ya 2007, yamlazimisha mwajiri kukata bima na kugharimia matibabu ya aliyeumia kazini. Kwa hiyo mtu akikatwa na mashine ya kuchumia, haifai kuzungusha kofia laini kwa laini kabla ya kutoa habari kwa mwajiri.

Mfuko wa pili ni bima ya taifa. Tangu Oktoba 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii imeshika mahali pa ile bima ya hospitali iliyoanzishwa mwaka 1966. Kila mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, anayelipwa shilingi 15,000 kwa mwezi hutoa shilingi 412 na senti 50. Wengi hudhani mwajiri huongeza kiasi kama hicho. Sivyo: yeye hukata na kupeleka tu. Fedha hizo ni jasho letu, na asiyewaandikisha mke na watoto wake huzitoa pasipo kuwafaa.

Mfuko wa tatu ni ziada ya nembo ya Fairtrade, kwa mashamba yaliyo nayo. Huamuliwa na kamati ya wafanyakazi iliyochaguliwa na wenzao, na kanuni zake zakataza isitumiwe kulipia yale ambayo sheria imekwisha kumtwika mwajiri. Wajumbe wetu wasilisahau hilo wanapoombwa kutia sahihi.

Mfuko wa nne ni msaada wa nje. Fedha za Marekani zilileta dawa za Ukimwi Kericho, nazo ziliokoa watu wengi, twashukuru. Lakini Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na kliniki nyingi za Kenya zikatikisika. Nguo ya kuazima haisitiri matako.

Mfuko wa tano ni huu wetu. Mashine zimepunguza mikono shambani, na mikono ikipungua wachangaji nao hupungua. Hatuna budi kuulinda kwa yale yasiyolipwa na mwingine: nauli ya mgonjwa kutoka mashambani hadi hospitali, chakula cha nyumba yake mshahara ukikatika, na kumtembelea yule aliyevunjika moyo, ambaye hana jeraha la kumwonyesha daktari.

Kwa hiyo twauomba mkutano huu ukubali mambo matatu. Kila ombi la matibabu liulizwe kwanza, "Deni hili ni la nani?" Kila mwanachama aandikishe jamaa zake katika bima kabla ya mkutano ujao. Na mhasibu aweke fedha za wagonjwa katika hesabu ya peke yake, isiyoguswa kwa karamu wala safari.

Kumwuliza mwajiri lile ambalo sheria imempa mfanyakazi si utovu wa adabu. Ni kutunza akiba ya mjane na yatima wa kesho.