Maagizo ya Msaidizi wa Kompyuta Yaandikwe Mara Moja



Siku hizi kuna programu za akili bandia, kama Claude Code, ambazo zaandika programu nyingine. Sisi twaiita msaidizi. Unampa faili ya akiba na mikopo, unamweleza kwa maneno ya kawaida, naye anatengeneza hesabu. Lakini kazi mpya ikianza, hajui desturi za kikundi chenu: kwamba faini haichanganywi na akiba, kwamba riba hutozwa kwa salio tu. Basi kila mwezi mwaeleza upya, na kila mwezi kuna jambo linalosahauliwa. Hizo ni pesa za watu.

Mwaka wa 2025 kampuni ya Anthropic ilitoa njia rahisi. Unatengeneza folda, na ndani yake faili moja iitwayo SKILL.md. Juu kabisa unaandika jina la kazi na maelezo mafupi. Hapo msiharakishe, kwa sababu mwanzoni msaidizi husoma jina na maelezo hayo peke yake; akiona yanahusu kazi aliyopewa ndipo afungue maagizo yaliyo chini. Ukiandika "Husaidia kikundi," atajuaje ni lini? Andika: "Hujumlisha daftari la akiba, mikopo na faini. Tumia ukipewa faili ya mkutano wa mwezi."

Maagizo yenyewe yawe mafupi. Moja lisikose: salio la mwanzo, ongeza zilizoingia, toa zilizotoka, jibu liwe sawa na pesa zilizohesabiwa mezani. Zisipolingana, asimame na kuonyesha tofauti, asirekebishe kitu. Msaidizi huyu ni kama karani mgeni anayetaka sana kupendeza. Asipokatazwa, aweza kubadilisha tarakimu ili mambo yakae sawa.

Programu ya kujumlisha ikishajaribiwa, iwekeni ndani ya folda hiyo hiyo, aiendeshe badala ya kuandika nyingine kila mwezi. Majina na namba za vitambulisho vya wanachama msiweke humo, maana kikundi jirani kitaomba kunakili folda.

Kabla ya kumwamini, mpeni mwezi ambao mweka hazina alishaufunga kwa kalamu. Majibu yakilingana, punguzeni shilingi 100 mahali fulani kwa makusudi, mumpe tena. Asiposimama, agizo lile la kusimama liandikwe upya, wazi zaidi, kisha mjaribu tena.