KUFICHA SI KUFUTA
Hotuba ya katibu wa tawi mbele ya wanachama, Kisumu



Kamati imeniomba niseme machache juu ya hati tunazoandika kwa kompyuta na kuwapelekea waajiri. Nitaanza kwa kukiri kosa langu mwenyewe.

Mwaka mmoja tulidai nyongeza ya mshahara ya asilimia 15. Pembeni mwa hati mwenzangu aliandika maoni: "Wakikataa, tushuke hadi 8." Niliyaficha maoni yale yasionekane kwenye kioo, nikadhani yamekwisha, nikaipeleka hati. Siku ya majadiliano mwajiri hakubishana nasi. Alisema tu, "Asilimia nane." Tukatoka na nane. Kosa lilikuwa langu, lakini hasara ilikuwa ya wafanya kazi wote.

Kosa hili limewapata hata wakubwa. Oktoba 2005 Umoja wa Mataifa ulitoa ripoti ya Detlev Mehlis juu ya kuuawa kwa Rafik Hariri, aliyekuwa waziri mkuu wa Lebanon. Majina ya watu kadhaa waliotajwa na shahidi, pamoja na ndugu wa Rais wa Siria wa wakati ule, yalikuwa yamefutwa. Waandishi wa habari walipoifungua hati katika Word waliyasoma, maana programu ilikuwa imehifadhi mabadiliko yote.

Basi tuelewe hivi. Programu ikiwa inafuatilia mabadiliko, neno ulilofuta hubaki ndani mpaka uyakubali mabadiliko hayo. Maandishi yaliyofichwa, maoni ya pembeni na jina la mwandishi husafiri pamoja na hati. Hata neno ukilipaka rangi nyeupe au kulifunika kwa weusi, mtu aweza kulinakili akalisoma.

Kwa hiyo, kabla ya kupeleka hati:

1. Weka nakala moja ya kamati, ufanye kazi katika nakala nyingine.
2. Kubali mabadiliko yote, na ufute maoni yote.
3. Katika Word fungua Faili, uende kwenye taarifa za hati, uiamuru programu ikague hati. Itakuonyesha yaliyofichika, yaondoe.
4. Hifadhi, kisha mwenzako aifungue na kuisoma upya.

Ukiwa na shaka, chapa hati karatasini upeleke karatasi. Karatasi haibebi ila kinachoonekana juu yake.

Ndugu zangu, mnunuzi wa ngege pale Dunga hatazami magamba peke yake. Hufunua matamvua aone ndani. Mwajiri naye hufunua hati zetu. Na humo hamna hesabu za mishahara tu. Mna majina ya wanachama waliothubutu kulalamika. Jina likivuja, mtu aweza kupoteza kazi yake. Tuzifunue sisi kwanza.