Mafuta, Barabara na Watoto Wetu



Mwaka 2007 damu ilimwagika kwenye Ziwa Albert kwa ajili ya mpaka na mafuta. Tarehe 8 Septemba marais Kabila na Museveni walitia sahihi mapatano huko Ngurdoto, Tanzania. Lakini rais haingii peke yake katika mazungumzo: nyuma yake hukaa watu waliosomea sheria, ramani, mafuta na barabara.

Kazi hiyo hata mtoto wa kambini anaiweza. Aliyeona samaki wa Kasenyi wakioza kwa sababu njia imefungwa ataitetea barabara ile kuliko mgeni.

Najua malipo ya shule ni mazito. Ila msimwondoe binti shuleni. Siku ardhi yetu itakapojadiliwa tena, ndani ya chumba kile awemo mtu wa kwetu.