TONE LA MAJI NA UKUTA WA CHOKAA: UTUNZAJI WA MABOMBA KATIKA NYUMBA KONGWE

(Matini ya mazungumzo ya Afisa Habari wa Wizara kwa watumishi wa Serikali na wakaazi wa Mjini na Shamba)

Makusudio ya mazungumzo haya ni kukumbushana juu ya jambo ambalo wengi wetu huliona dogo, nalo ni mfereji unaotona. Mfereji unaotoa tone moja kila sekunde hutoa matone 86,400 kwa siku. Kwa kuwa matone 20 hivi hufanya mililita 1, hizo ni lita 4 na zaidi kila siku, na zaidi ya lita 1,500 kwa mwaka. Tone hilo likiangukia ndooni, hasara ni ya maji. Likiingia ukutani, hasara ni ya nyumba nzima.

Yafaa ieleweke kwamba nyumba nyingi za Mji Mkongwe hazikujengwa kwa ajili ya mabomba. Wazee wetu walitumia visima, na maji yakichukuliwa kwa mitungi hadi kwenye mabirika ya ghorofani. Ni katika zama za Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala kutoka mwaka 1870 hadi 1888, ndipo maji ya chemchemi yalipoletwa mjini kwa mabomba. Baadaye kila kizazi kiliongeza bomba lake, vyoo vyake na matangi yake, juu ya kuta zile zile.

Kuta hizo ni za mawe ya matumbawe, chokaa na udongo. Jiwe la matumbawe hufyonza maji, na udongo uliomo ndani ya ukuta ukilowa hulainika na kuacha kushika. Maji yakipanda na kukauka huacha chumvi, nayo hubambua lipu. Ncha za boriti za mikoko zilizoingia ukutani huoza pahala ambapo macho hayafiki, na unyevu huwaita mchwa. Kwa hiyo doa la unyevu chini ya hamamu ya juu lisichukuliwe kuwa ni uchafu wa kupakwa rangi.

Wako wanaoliziba doa hilo kwa saruji. Hilo ni kosa. Saruji huyafungia maji ndani ya ukuta, na ukuta huendelea kuoza kwa siri. Utaratibu ulio sahihi ni kulitengeneza bomba kwanza, kuuacha ukuta ukauke, kisha kupiga lipu ya chokaa.

Tarehe 25 Disemba, 2020, sehemu ya Beit-al-Ajaib, jengo la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakapoteza maisha. Sisemi kwamba bomba ndilo lililoliangusha. Nalitaja ili tukumbuke kwamba nyumba ya mawe na chokaa ikidhoofika huhatarisha roho za watu, si mali peke yake.

Ndugu wananchi, hapana budi kila mkaazi azingatie mambo yafuatayo:

Kwanza, kila mtu wa nyumbani, pamoja na watoto wakubwa, aijue koki kuu ilipo na namna ya kuifunga. Koki isiyoguswa kwa miaka hushikana na kutu. Ifungwe na kufunguliwa angalau mara moja kila baada ya miezi michache.

Pili, nyumba ipimwe. Usiku, tangi likiwa limejaa, lifungiwe maji yanayoingia, wekeni alama ya chaki kwenye kina cha maji na msitumie maji hadi asubuhi. Maji yakishuka chini ya alama, pana mvujo.

Tatu, mabomba ya chuma ya zamani huliwa na kutu kutoka ndani. Maji mekundu asubuhi na mfereji unaozidi kupungua nguvu ni dalili zake. Kufunga kiraka cha mpira ni tiba ya siku chache. Kipande kilichooza kibadilishwe. Bomba jipya lipite nje ya ukuta, mahali ambapo mvujo utaonekana.

Nne, tangi la lita 1,000 likijaa lina uzito wa tani moja ya maji. Vyumba vya nyumba kongwe ni vyembamba kwa sababu boriti haivuki mbali; mzigo huo usiwekwe katikati ya dari. Mahali pake ni chini uani au, kwa ushauri wa fundi, juu ya ukuta mnene.

Tano, maji yanapokatika bomba hubaki tupu, na tundu lililokuwa likitoa maji huweza kuvuta maji machafu ya mtaroni. Bomba lililopita mtaroni au karibu na karo lihamishwe, maana kipindupindu na homa ya matumbo hupita katika tundu kama hilo.

Kwa ndugu zetu wa Shamba, hasa wa maeneo ya maweni upande wa mashariki na kusini ya Unguja, maji ya chumvichumvi hula chuma upesi. Bomba la plastiki lafaa zaidi, lakini lifukiwe, kwani jua hulifanya likauke na kupasuka. Shimo la choo lisiwe karibu na kisima. Umbali unaopendekezwa ni mita 30, na kwenye mawe yenye nyufa ni vyema kuzidisha.

Mwisho, nyumba nyingi za Mji Mkongwe hukaliwa na familia kadhaa. Wa juu huvujisha, wa chini huvujiwa, na kila mmoja humngojea mwenziwe au mwenye nyumba. Nashauri wakaazi wa kila nyumba wachague mtu mmoja wa kukagua mabomba kila mwezi, na wachangie mfuko mdogo wa matengenezo. Palipo na ugomvi, Sheha ashirikishwe mapema. Matengenezo yanayogusa kuta au sura ya nyumba yapate kwanza kibali cha Mamlaka ya Uhifadhi na Uendelezaji wa Mji Mkongwe, na mvujo wa bomba la barabarani uripotiwe kwa Mamlaka ya Maji Zanzibar.

Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Bei ya mpira mmoja wa mfereji ni ndogo mno kulinganishwa na boriti moja, seuze ukuta mzima.