Pishi kwa Kibaba

Ingawa vibaba 4 ndivyo vifanyavyo pishi, mwenye kupokea mshahara mwisho wa mwezi kisha akautoa dukani kidogo kidogo, leo mchele wa kibaba, kesho mafuta ya kupimiwa, aghalabu hulipa thamani kubwa kuliko ya aliyenunua jumla, kwani muuza rejareja, naye ana haki yake, hutia faida katika kila kipimo. Simlaumu fakiri: asiye na akiba hana hiari. Lakini majirani watatu wenye kuaminiana waweza kushirikiana gunia moja la mchele wa Kyela, bei ikiwa nafuu baada ya mavuno, wakaligawa kwa mizani mbele ya wote, na kila mmoja akautia wake katika pipa kavu lenye kifuniko, usije ukaliwa na fukusi. Na mama wa nyumba, ambaye hesabu yote hii hupita mikononi mwake, apewe fedha ya mwezi mzima siku ya mshahara, wala asiachiwe noti moja mezani kila asubuhi, maana hapo hulazimika kununua kibaba, hali azma yake ilikuwa pishi.