Shanga kwa Kila Mtu



Sisi wa Kitui na Makueni twayajua mawe. Twajengea matuta mashambani ili mvua isichukue udongo, na mikono ya mwethya huyabeba. Leo twawaletea habari za mawe mengine. Yalibebwa na wafugaji huko Lothagam, magharibi ya Ziwa Turkana, yapata miaka 5,000 iliyopita.

Siku zile mvua zilikuwa zikipungua na ziwa likirudi nyuma. Wafugaji wale walichimba shimo kubwa mchangani, wakawazika wafu wao humo kwa karne nyingi. Mwishowe walilijaza, wakalifunika kwa mawe. Mahali hapo pana upana wa meta 30 hivi, na nguzo za mawe zimesimamishwa. Mwaka 2018 wataalamu walitangaza kwamba, kwa makadirio yao, humo wamelala watu wasiopungua 580.

Lililotugusa ni hili. Wazee wamo, wanawake wamo, hata watoto wachanga. Karibu kila aliyefukuliwa alikuwa na pambo lake, kama shanga za mawe ya rangi au za maganda ya mayai ya mbuni. Halikuonekana kaburi la mkubwa lililotengwa na ya wadogo.

Ndugu, habari hii ilituhukumu. Mwaka mmoja wa njaa tulikuwa na maziko mawili katika juma moja. Tajiri tulimzika wachungaji watatu, na hotuba zikaendelea hadi jioni. Kwa mtoto wa mjane mmoja tulimtuma mwinjilisti, tukasema njia ni mbaya. Kwa tajiri njia ilikuwa mbaya vile vile.

Katika Luka sura ya 7, Bwana Yesu alikutana na maziko ya mwana wa mjane langoni mwa Naini. Hakuna aliyemwalika. Alimhurumia mama yule, akakaribia, akaligusa jeneza.

Je, kanisani kwenu yuko nani ambaye akifa leo atazikwa na watu wachache? Msingoje kaburi. Nendeni kwake juma hili.

Sisi tulikwenda kwa yule mama, tukiwa tumechelewa. Alitupa viti, akatuletea maji aliyoyachota katika mchanga wa mto uliokauka.

Tuombe. Ee Bwana, utusamehe kwa kuwapima watu wako. Utupe miguu ya kuwafikia wote. Amina.